Kabla hujawasha moto kwenye majani ya mwembe: kalunguyeye ameungua, tumsaidieje? (Tabora)

Mtu wa Cheyo (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu.

Huku Tabora msimu wa kufagia na kuchoma umepamba moto. Kila ua una chungu ya majani ya mwembe, ama nyuma ya choo ama chini ya uzio wa minyaa, na ikifika jioni moshi umetanda mtaa mzima. Naandika kwa ajili ya kalunguyeye. Wengi tunamjua kwa sura, yule mdogo wa kuenea viganja viwili, mwenye miiba mifupi na tumbo jeupe. Ila wachache wanajua mchana analala wapi. Analala humo humo kwenye chungu ya majani unayotaka kuichoma.

Na hakimbii. Mbwa akimjia anajikunja, mtoto akimgusa anajikunja, moto ukimfikia anajikunja vile vile. Miiba inamsaidia kwa mbwa. Kwa moto haimsaidii kitu.

Jana jioni jirani yangu aliwasha majani yake, wanawe wakaona kitu kinatikisika pembeni. Tulimtoa kwa koleo. Yuko hai. Upande wa kushoto miiba imeungua ncha, imejipinda na kunuka kama nywele zilizoungua. Ngozi ya chini yake ni nyekundu lakini haijachanika. Mguu mmoja wa nyuma ndio umeumia zaidi, unyayo umetoka malengelenge na hataki kuukanyagia. Asubuhi nimeona kwenye sikio vitu vidogo vyeupe vimepangana kama chembe za mchele, nadhani ni mayai ya nzi.

Nimemweka kwenye boksi la sabuni lenye matundu, nikatandika shati la pamba, boksi liko chumba cha giza. Maji nimempa kwenye kifuniko cha ndoo. Naomba wenye ujuzi mniambie cha kufanya leo hii, na wengine wote nawaomba mpekue majani kwa reki kabla ya kuwasha kiberiti. Chukua fito, geuza chungu nzima kutoka chini, subiri kidogo, ndipo uwashe. Ukiweza hamisha kabisa majani, yachomee sehemu nyingine siku hiyo hiyo, maana chungu iliyolala usiku mmoja mahali papya tayari inaweza kupata mpangaji.

Kijana wa Ng'ambo

Mkuu pole, ila huyo mnyama mtoe ndani haraka. Mwaka juzi aliingia mmoja kwetu, tukamwona anatoa povu mdomoni huku anajipinda shingo kama amepagawa. Baba akasema kichaa hicho, akamuua. Una watoto hapo, usicheze.

Mama Kulwa

Mwanangu Mtu wa Cheyo, Mungu akubariki. Bibi yangu alikuwa hataki kabisa kalunguyeye aguswe. Akiingia ndani usiku anafunguliwa mlango atoke mwenyewe. Anasema huyo anakula mende na wadudu wa bustani, kwa nini umfukuze? Siku hizi mambo yamebadilika, nimeshafuatwa hapa nyumbani na mtu anayetaka kununua ngozi yake eti ya dawa. Nilimwambia aondoke na asirudi.

Mpe maziwa kidogo apate nguvu.

Bwana Mifugo

Mama Kulwa shikamoo. Maziwa hapana, mama yangu, naomba tuanze na hilo kabla halijafanyika. Kalunguyeye mkubwa tumbo lake halimeng'enyi maziwa ya ng'ombe. Ataharisha, na mnyama wa gramu mia tatu au mia nne akiharisha huku ameungua anaweza kukauka maji akafa kabla ya kidonda chenyewe kumuua. Apewe maji safi tu, tena kwenye chombo kifupi, anywe mwenyewe. Msimsukumie kwa bomba la sindano, yataingia kwenye mapafu.

Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi mikoa ya huku magharibi, na wanyama wadogo wa porini wananifikia kuliko watu wanavyodhani. Mtu wa Cheyo, nakujibu kwa mpangilio wa uharaka.

La kwanza ni joto. Mguse tumboni ukiwa umevaa glavu au umeshika kwa taulo nene. Tumbo likiwa la baridi, usimpe chakula chochote bado. Chukua chupa ya plastiki, jaza maji ya moto ya kuogea, si ya kuchemka, izungushie kitambaa, iweke upande mmoja wa boksi. Upande wa pili uache bila chupa, ili akisikia joto limezidi asogee. Watu wengi humpa mnyama chakula kwanza kwa huruma, wakati mwili uliopoa hauwezi kukisaga. Kalunguyeye akipoa sana anazubaa mpaka unadhani amekufa. Nimeletewa mmoja amefungwa kwenye gazeti akazikwe, nikampasha joto, baada ya muda akaanza kunusanusa.

La pili ni hayo mayai ya nzi. Hilo ni la leo, si la kesho. Mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja, na funza wakishaingia sikioni au chini ya miiba kazi inakuwa kubwa. Chukua kibano cha nyusi au mswaki laini mpya, uyatoe yote moja moja kwenye mwanga mzuri. Angalia pia macho, kwapa na sehemu ya haja. Usimwage mafuta ya taa. Usimwage spiriti. Na hasa, nawasihi wafugaji wenzangu, msimpake ile dawa ya kuogeshea ng'ombe hata tone moja. Kipimo kinachoua kupe kwa ng'ombe wa kilo mia tatu kinammaliza mnyama wa robo kilo. Kama ana kupe, watoe kwa kibano.

La tatu kidonda. Chemsha lita moja ya maji, weka chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, acha yapoe mpaka vuguvugu. Mimina taratibu kwenye mguu na ngozi iliyoungua. Malengelenge usiyapasue. Hakuna kupaka dawa ya meno, majivu, wala unga wa betri.

La nne, dawa za maumivu za binadamu msimpe. Najua zipo kila nyumba, na najua mnaona anaumia. Kipimo chake hakipo kwenye kidonge chako, na baadhi ya hizo dawa zinaharibu figo na ini la wanyama. Diklofenaki iliyotumika kwa ng'ombe ndiyo iliyoangamiza tai wa India na nchi jirani, kwa kula mizoga tu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, yeye ndiye ampimie.

Nyuki Mdogo

Daktari, mimi ni mfugaji wa nyuki. Tabora hapa asali tunayo ya kutosha, na wazee wetu wamepona vidonda vya moto kwa asali. Huyu naye si apakwe tu kwenye huo unyayo?

Bwana Mifugo

Swali zuri, kaka. Ni kweli asali inasaidia vidonda vya moto, hata hospitali duniani zinaitumia. Ila ile ya hospitali imepigwa mionzi kuua vijidudu vyote. Asali ya mzinga inaweza kuwa na mbegu za vijidudu ambazo zikikaa kwenye kidonda chenye giza na unyevu zinaleta balaa. Pili, huyu analamba miguu yake. Tatu, na hili wewe unalijua kuliko mimi: weka asali kwenye boksi sakafuni uone sisimizi watafika saa ngapi. Mnyama aliyeumia akivamiwa na sisimizi usiku hana pa kukimbilia. Kwa hiyo boksi liwekwe juu ya meza, na miguu ya meza isimame kwenye makopo ya maji.

Kijana wa Ng'ambo

Daktari hujanijibu la povu.

Bwana Mifugo

Nisamehe, mdogo wangu. Lile povu mara nyingi ni tabia yake ya kawaida. Kalunguyeye akikutana na harufu ngeni, sabuni, mmea, ngozi ya kiatu, anakilamba au kukitafuna kile kitu mpaka mate yawe povu, kisha anageuza shingo mpaka mgongoni na kujipaka lile povu kwenye miiba kwa ulimi. Anajipinda hasa, mtu asiyejua lazima aogope. Akimaliza anaendelea na safari zake. Sababu hasa wataalamu bado wanajadiliana.

Lakini sitaki mtu asome hapa akadhani basi hakuna hatari. Mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kupata kichaa cha mbwa, ingawa kwetu Tanzania wanaokileta kwa watu karibu wote ni mbwa. Wewe si kazi yako kupima. Kazi yako ni kutong'atwa. Ukiwa umeng'atwa au amekukwaruza na damu ikatoka, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, angalia saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaeleze umeng'atwa na mnyama wa porini. Usisubiri dalili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, ila chanjo ikiwahi kinazuilika kabisa.

Na watoto chini ya miaka mitano wasimshike kabisa. Kalunguyeye anabeba vijidudu vya salmonela hata akiwa mzima, anabeba na fangasi wa ngozi. Kila ukimhudumia nawa kwa sabuni, na vyombo vyake visioshewe jikoni.

Sheria Kwanza

Naongeza upande wangu, maana nimeona kwenye nyuzi nyingine watu wakisifiana kufuga.

Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kumkamata, kumfuga au kumuuza bila kibali ni kosa. Udogo wake haumwondoi kwenye sheria. Kwa hiyo Mtu wa Cheyo, ulichofanya ni uokoaji, na ili kibaki kuwa uokoaji toa taarifa mapema. Mwambie mtendaji wa mtaa, kisha ofisi ya maliasili ya halmashauri, kuna afisa wanyamapori pale. TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, nao ndiyo kazi yao. Piga picha pale ulipomkuta, andika tarehe. Ukikaa naye kimya, siku mtu akikuripoti utaeleza nini?

Mama Kulwa, yule mtu wa ngozi naye ni wa kuripotiwa. Na kuna wengine wanawatafuta wakiwa hai, kwa sababu kule Marekani na Ulaya wanafugwa kama paka, na asili yao ni hawa hawa wa Afrika. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Mtu akikwambia ana soko, ujue anakutafutia kesi.

Mwana Gungu

Habari zenu ndugu wa Tabora, mimi niko huku mwisho wa reli, Kigoma. Uzi umenigusa. Huku kwetu ni michikichi. Wakati wa kukata mikungu na kupunguza makuti, komba wadogo wanaanguka, hasa vitoto. Watu wanawabeba nyumbani kwa huruma, wanawapa uji, wanakufa.

Nilichofundishwa na mzee mmoja anayevuna chikichi Ujiji, na nimekiona kwa macho yangu: kitoto cha komba kilicho peke yake si lazima kiwe yatima. Mama yake akienda kutafuta chakula usiku anakibeba kwa mdomo, anakipachika kwenye tawi, anakiacha pale, kisha anarudi kukichukua. Kama hakijaumia, kiweke kwenye kikapu chenye majani, ukifunge kikapu kwenye shina juu ya kimo cha mbwa, ondoka, na mbwa wafungwe. Giza likiingia utasikia mama analia, wale wasiojua wanadhani ni mtoto mchanga. Tukikaa mbali ndani ya nyumba na taa tumezima, anashuka, anakinusa, anakichukua. Tukisogea tu na tochi, haji.

Naomba Daktari atuambie, kwa kalunguyeye ni hivyo hivyo?

Bwana Mifugo

Mwana Gungu, kwa komba umesema vizuri kabisa. Kalunguyeye ni tofauti kidogo. Yeye vitoto anavizalia kwenye kiota chini, vikiwa havijafungua macho, na mama akishtuliwa siku za mwanzo anaweza kuvitelekeza au hata kuvila. Kwa hiyo ukifukua majani ukakuta kiota chenye vitoto na hakuna moto, virudishie majani juu yake polepole, usivishike kwa mikono mitupu, ahirisha kuchoma. Wiki kadhaa za kusubiri hazikupunguzii kitu. Kama moto umeshapita na mama amekufa, hivyo vipigiwe simu maliasili mara moja, kwa sababu kulea kitoto cha hivyo ni kazi ya usiku na mchana na hata mtaalamu hushindwa.

Kingine cha kukumbuka: kalunguyeye ni wa usiku. Ukimwona mchana kweupe anayumba njiani au amelala juani bila kujikunja, huyo ana shida hata kama huoni damu.

Mtu wa Cheyo

Wakuu nimerudi na habari.

Kwanza asante sana Daktari. Mayai nilitoa yote, mke wangu alishika tochi ya simu mimi nikatumia kibano. Yalikuwa mengi kuliko nilivyoona mwanzo, mengine yalikuwa nyuma ya sikio chini kabisa kwenye shina la miiba, unayaona tu ukipuliza manyoya ya pembeni. Chupa ya maji ya moto ilifanya kazi ya ajabu. Alikuwa amelegea, baada ya muda nikasikia anakwaruza boksi, nikaangalia, amejisogeza mpaka ameegemea chupa na pua anaichezesha.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Ofisi ya kwanza niliyofika waliniambia wao ni wa ng'ombe na kuku, nirudi nyumbani nikamtupe. Iliniuma. Ofisi ya pili nilimkuta dada mmoja kijana, akafunga dirisha, akapunguza sauti za watu, akamweka kwenye beseni la plastiki akamwacha ajikunjue mwenyewe. Hakumlazimisha. Alipotoa pua ndipo akamwinua akaangalia mguu kwa chini. Kidole kimoja akasema kitapotea, mguu utabaki. Akamchoma dawa ya maumivu na ya kuzuia usaha kwa sindano ndogo kabisa, baada ya kumpima uzito kwenye mzani wa jikoni. Maliasili nilishapiga simu, afisa amekuja nyumbani, ameandika, ametukubalia abaki hapa kwa uangalizi wa yule daktari mpaka apone kisha aachiwe, na atakuja kuhakikisha.

Swali la chakula sasa. Mke wangu anauliza dagaa wa Kigoma.

Bwana Mifugo

Huyo dada amefanya kazi ya kupongezwa, na hiyo ya beseni ndiyo njia.

Dagaa wa kukaushwa mara nyingi wana chumvi na mchanga, waacheni. Yai la kuchemsha lisagwe, au kuku wa kuchemshwa bila chumvi wala kiungo akatwe vipande vidogo sana. Chakula cha paka cha dukani kinafaa pia. Ila chakula chake hasa ni wadudu. Pasua kipande cha kichuguu pembeni ya shamba, weka mchwa kwenye sahani yenye ukingo, mpe saa mbili usiku, siyo mchana. Mende waliopuliziwa dawa usimpe. Ndizi, mkate, ugali, hapana. Pima uzito kila jioni kwa mzani ule ule. Ukiona uzito unashuka huku anakula, mrudishe kwa daktari.

Na msimzoeshe. Najua anavutia, najua watoto wameshampa jina. Kalunguyeye anayekwenda kwa mtu bila kujikunja, siku akiachiwa atakwenda kwa mbwa vile vile.

Mama Kulwa

Wajukuu zangu wanauliza jina lake ni nani 😊

Mtu wa Cheyo

Mama, tumekubaliana na watoto hatumpi jina. Mkubwa alilia kidogo akaelewa.

Sheria Kwanza

Ataachiwa wapi? Isije ikawa anapelekwa hifadhi ya Ugalla huko akafia njiani.

Bwana Mifugo

Hapana, aachiwe karibu na pale alipookotwa, kama pana usalama. Anajua maji yako wapi, anajua mashimo yake, anajua njia za mbwa. Ukimpeleka pori asilolijua unamwanzishia maisha upya akiwa na kilema. Aachiwe jioni giza linapoingia, kwenye uzio mnene wa minyaa au kichaka, siyo chini ya taa. Mguu uwe umekauka na ngozi mpya, awe anakula mwenyewe na uzito umetulia. Ikibidi kusubiri mvua za Novemba basi na asubiri, kwa ruhusa ya maliasili. Kipindi hiki cha ukame wadudu ni wachache, na moto bado unaendelea. Mvua zikianza na kumbikumbi wakitoka, chakula kinakuwa kila mahali.

Mwalimu wa Uyui

Habari zenu. Nimesoma uzi wote nimefurahi. Mimi nafundisha shule ya msingi Uyui. Wanafunzi wetu ndio wanaochoma majani Ijumaa baada ya usafi, kwa hiyo kuanzia wiki hii watageuza chungu kwa fito kwanza. Nina jambo lingine. Tumechimba mashimo ya choo kipya, yana kina cha mita tatu, na asubuhi mbili tofauti tumekuta kalunguyeye ndani. Mmoja alikuwa mzima, mmoja alikuwa amevunjika mguu akafa. Mafundi watarudi mwezi ujao. Kufunika mashimo yote hatuna mabati.

Mtu wa Cheyo

Mwalimu, kwa watoto wenyewe hayo mashimo ni hatari pia, anzeni na uzio wa miiba kuzunguka yote. Ila miiba peke yake haimzuii kalunguyeye, anapita chini. Pigeni ukingo wa udongo kuzunguka kila shimo, ule ule mliotoa, kimo cha goti, ushindiliwe uwe wima upande wa nje. Huyu hapandi vizuri ukuta ulionyooka.

Bwana Mifugo

Ukingo ni sawa. Na kwa atakayeanguka hata hivyo, wekeni kwenye kila shimo mti mrefu wenye magome, ulale kwa mshazari kutoka chini mpaka juu, mnene kama mkono wa mtu mzima, uzungushiwe kamba ya katani kila baada ya shubiri ili apate pa kukanyaga. Kwa shimo la mita tatu mti uwe mita tano hivi, ukisimama sana atateleza. Mkague kila asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa tochi kutoka juu. Mtoto yeyote asishuke. Mkimkuta, teremsheni ndoo yenye majani kwa kamba, ilazeni ndoo ubavu kwa fito, wengi huingia wenyewe kwenye majani.

Mwalimu wa Uyui

Kamba ya katani ipo stoo. Kesho asubuhi naongea na mwalimu mkuu na mafundi.